Mlalo wa Mgeni

Jiji la Kifinyo halimo katika ramani yoyote, na sababu yake ni nyepesi: wachora ramani walipofika huko hawakupata pa kuikunjulia ramani yao. Lilikuwa jiji lililojaa kiasi kwamba jogoo wa mtaa mmoja akiwika, mtu wa mtaa wa pili alijifuta mate usoni, nyumba ziliegemeana kama walevi wanaosindikizana, kila moja ikingoja mwenzake ayumbe ili waanguke kwa pamoja, na kila kiangazi walikuja watu wapya kutoka mashamba yaliyokauka, mikeka kichwani, wakauliza langoni, "Kuna nafasi?", wakajibiwa, "Vuta pumzi uingie," nao wakavuta pumzi wakaingia, na inasemekana wapo ambao hawajaitoa mpaka leo.

Katikati ya msongamano huo, kama kitambi katikati ya mtu mwenye njaa, kilikaa Kilima cha Upana, chenye majani yaliyokatwa kwa mkasi na bata mzinga waliokuwa na uwanja mkubwa kuliko soko la samaki. Kilimani waliishi Wapana, na chini yao wakaishi Wembamba. Wapana hawakuwa wanene hasa, msinielewe vibaya. Walikuwa watu waliozoea kutembea viwiko nje, wakikaa kwenye kiti kimoja huku mkono umeshika cha pili na mguu umeweka nafasi kwenye cha tatu. Mkubwa wao aliitwa Tandavu wa Tatu, mwenye cheo cha Mwenye Upana, na kasri lake lilikuwa na milalo mia nne.

Mlalo ni nini? Kifinyo hawakupima nyumba kwa futi wala kwa kamba. Walipima kwa mtu. Aliyepata nyumba, siku ya kuhamia, alilala chali sakafuni, mikono kifuani, macho darini, na karani wa mtaa akamzungushia chaki. Umbo hilo ndilo lililokuwa mlalo mmoja, na nyumba ikahesabiwa inabeba milalo mingapi ya namna hiyo. Lakini chaki peke yake haikumpa mtu nyumba. Alitakiwa abaki palepale mpaka majirani watatu, wa kulia, wa kushoto na wa mkabala, wasimame mlangoni mmoja baada ya mwingine na kumwita: "Inuka, jirani, umefika!" Mwito wa tatu ukitoka, aliinuka akiwa mwenye nyumba. Akijiinua mwenyewe kabla ya hapo, nyumba haikuwa yake na haingekuwa yake milele. Na aliyelala katika nyumba mpya alikuwa ameiacha ya zamani papo hapo, kwa kuwa, walisema, mtu hana migongo miwili.

Sheria hizi aliziandika babu yake Tandavu kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kuwa hakuwaamini Wembamba, akihofu watatishana na kuhongana, aliongeza mstari mmoja chini: mwito wa kulazimishwa ni kikohozi. Jambo ambalo babu hakuliandika ni kwamba kasri lake halikuwahi kuitiwa. Lilipokuwa likijengwa, majirani wote walifukuzwa ili bustani ipate pa kupumulia. Siku ya kuhamia babu alilala sebuleni, akangoja, akasikia bata mzinga, akangoja tena, akasikia bata mzinga walewale, mwishowe akajiinua, akajipangusa na kutangaza kwamba shughuli imekwisha. Hakuna aliyebisha, maana wa kubisha walishahamishwa.

Sasa huko chini, katika Mtaa wa Mbavu, aliishi seremala mmoja aitwaye Sikudhani, mwanamke mwenye penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye nyusi, ambaye aliwahi kuambiwa na karani kwamba nyumba ya milalo mitatu haiwezi kukaliwa na watu saba, akajibu, "Nani kakwambia watakaa wote kwa wakati mmoja upande mmoja?" Watu saba wenyewe walikuwa yeye, mumewe Madebe aliyeziba sufuria zilizotoboka, watoto wao wanne, na mama mkwe, Bi Nangoma, ambaye alikuwa na fimbo moja na maoni mengi.

Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa na kazi mbili na hakikuona haya. Kitanda cha mke na mume kilipoinuliwa asubuhi na kuegemezwa ukutani, tumbo lake lilitoa miguu likawa meza. Ngazi ya kupandia darini, walikolala watoto, kila kidato chake kilikuwa mtoto wa meza: wa chini unga, wa pili nguo, wa tatu madaftari, wa nne vitu ambavyo kila nyumba inavyo na hakuna ajuaye ni vya nini. Ndoo zilining'inia juu kwa kapi na kushuka zilipoitwa. Bi Nangoma alilala juu ya kifuniko cha sanduku la maji, hivyo wakati wa joto mgongo wake ulipoa huku wenzake wakiiva. Mlango ulining'inia kwenye pini mbili tu. Ukitolewa, ukalazwa juu ya viti, ulikuwa meza ya kupigia pasi. Na baada ya yote hayo, kati ya kitanda na ngazi, ulibaki ukanda mmoja wa sakafu, uliopakwa dawa nyekundu na kusuguliwa kwa kifuu mpaka ukang'aa, ambao hapakuwekwa juu yake hata kandambili. Ulikuwa mlalo mmoja kamili. Ulikuwa wa mgeni.

Hapo ndipo wivu ulipoingia, bila kubisha hodi, maana siku hiyo mlango ulikuwa unapigiwa pasi.

Jirani wa mkabala aliitwa Mama Tufe. Yeye, mumewe na mwanawe mmoja walikuwa na milalo mitatu vilevile, lakini ndani mwake mtu hakuweza kugeuka mpaka mwingine atoke nje amsubiri. Alikuwa na kabati mbili za urithi, kubwa, zenye nakshi, zilizotazamana karibu kiasi kwamba hakuna hata moja iliyoweza kufunguka. Miaka kumi na moja hakujua kilichomo. Siku Sikudhani alipolala chini ili aitwe, jirani wa kulia aliita, wa kushoto akaita, na Mama Tufe akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akitazama.

"Ita basi, Mama Tufe," Madebe alimwambia.

"Naangalia kwanza. Mtu haangalii?"

"Unaangalia tangu kifungua kinywa."

"Ngazi ina mitoto ya meza!" alisema Mama Tufe, kana kwamba ameifumania ngazi. "Ngazi! Kwetu sisi ngazi ni ngazi."

Sikudhani, chali sakafuni, nzi mmoja akimtembelea puani kama mkaguzi wa afya, alisema kwa pembe ya mdomo, "Ita, jirani. Nami nitakuja nikuchongee yako."

"Ahaa! Unanionea huruma?"

Jua lilitoka kizingitini, likavuka sakafu, likapanda kidato cha kwanza, cha pili, na lilipofika kwenye madaftari ndipo Mama Tufe alipofungua kinywa na kutoa maneno yale matatu mojamoja, kama mtu anayeng'olewa magego: "Inuka. Jirani. Umefika."

Tangu hapo hakupata raha. Wivu wake ulikuwa wa kila siku na wa kawaida, wa kupikwa nyumbani. Aliamka nao, akanywa nao chai, akauanika pamoja na nguo. Mpaka asubuhi moja alipopita mtaani Bwana Fyonzo, Waziri wa Kuta na Mianya, aliyekuwa na kazi ya kuwaambia Wembamba kwamba jiji limejaa na kwamba kosa ni lao, Mama Tufe hakuweza kujizuia.

"Mnasema limejaa!" alimpigia kelele. "Ingieni hapo muone. Watu saba, milalo mitatu, na mmoja umebaki! Wanaupaka dawa tu!"

Habari ile ilimfikia Tandavu akiwa mezani, yai mkononi, na yai likabaki pale hewani.

"Umebaki?" aliuliza.

"Umebaki, Mwenye Upana."

"Mimi imenibakia mingapi?"

Katika milalo mia nne hapakuwa hata pa kuangushia kijiko. Kulikuwa na viti mia mbili vya wageni, ambao hawakualikwa kwa kuwa viti vimejaza nafasi; kulikuwa na masanduku ya zawadi yaliyokaliwa na masanduku mengine ya zawadi; kulikuwa na twiga wawili wa shaba wenye kimo halisi, waliolazimisha dari itobolewe. Mgeni wa mwisho wa kasri, balozi wa nchi ya mbali, alilazwa na farasi, akarudi kwao na kikohozi cha farasi.

Tandavu alikwenda kujionea. Alipitishwa mlangoni kwa ubavu, askari mmoja akisukuma na mwingine akivuta, akaketishwa kwenye meza iliyokuwa kitanda, akaletewa uji katika bakuli lililotoka kusikojulikana. Watoto walishuka kwenye ngazi wakicheka jambo lao. Madebe alinyoosha mkono bila kugeuka, ndoo ikashuka juu ya kiganja chake kama ndege aliyefugwa. Mwenye Upana alitazama haya yote, kisha macho yakamtua sakafuni.

"Na hapa?" aliuliza, akielekeza kidole kwenye ukanda mwekundu.

"Pa mgeni," alisema Bi Nangoma.

"Mgeni gani?"

"Ambaye hajafika."

"Kama hajafika, kwa nini mnamwekea?"

Bi Nangoma alimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yana unyevu. "Akifika ndipo tuanze kusogeza vitu mbele yake? Si atajua katusumbua?"

Siku ya pili yake Sikudhani aliitwa kasrini. "Nichongee kama yako," aliamriwa. "Lakini kubwa." Alitembea na penseli yake kutwa nzima, akipita kati ya viti kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na aliporudi alisema, "Kazi yangu huanza kwa kutoa, Mwenye Upana. Tutoe nini? Kiti kile?"

"Kile alikalia babu."

"Hiki?"

"Hiki hakijakaliwa na mtu. Kipya kabisa."

"Twiga huyu?"

"Ana mwenzake."

"Basi tuanze na mwenzake."

Tandavu aligeuka rangi ya shaba. Wivu wa maskini hula ukashiba, hata kama ni kwa jioni moja. Wivu wa mkubwa hula chakula, ukala sahani, ukaanza kutafuna meza. Kesho yake amri ilibandikwa kila ukuta uliokuwa na nafasi: Nafasi inayobaki ni mali ya Mwenye Upana, na nyumba yenye nafasi inayobaki, imebaki yote. Sikudhani alipewa siku tatu. Na Mwembamba asiye na mlalo wake kwenye daftari la karani aliruhusiwa kuwa mgeni wa mtu kwa siku tatu nyingine, kisha alitolewa nje ya Lango la Vumbi. Na aliyetoka langoni hakurudi, kwa kuwa pengo lake lilikuwa limeshavutiwa pumzi na mwingine.

Tandavu angeweza kuitwaa nyumba ile kwa askari na kufuli. Lakini wivu, ukishakomaa, hauridhiki na kitu chenyewe. Unataka na utamu wake. "Nataka niitwe," alimwambia Waziri. "Kama alivyoitwa seremala."

"Wataita, Mwenye Upana. Watakosaje?"

Siku ya kwanza ya zile tatu, Mama Tufe alivuka barabara, ambayo kwa kweli ilikuwa hatua moja na nusu, akasimama mlangoni kwa Sikudhani akivunja vidole.

"Shoga. Ni mimi niliyesema."

"Najua. Nani mwingine anaihesabu milalo yangu kila asubuhi?"

"Nilitaka wakupunguzie kidogo tu. Kidogo! Tulingane."

"Basi tumelingana. Huna, sina."

Mama Tufe alianza kulia, na alilia kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa. "Na sasa nitamwonea wivu nani? Wewe nilikuwa nakuweza! Wivu wako nilijua unapoanzia na unapoishia. Huyu mtu wa milalo mia nne akija kukaa mbele ya mlango wangu, nikianza kumwonea wivu leo, nitamaliza lini?"

Sikudhani alicheka mpaka penseli ikamwanguka. Kisha alichukua msumeno wake, akavuka ile hatua moja na nusu, na bila kuomba ruhusa akaanza kuikata kabati ya kwanza. Ndani mlikuwa na sahani za harusi na panya aliyezeeka kwa heshima. Ndani ya kabati ya pili hamkuwa na kitu, na hilo Mama Tufe alilisikitikia zaidi kuliko kama mngekuwa na nyoka. Kufikia siku ya tatu kabati zile zilikuwa kitanda cha kukunja, ngazi, na kigoda kimoja. Na sakafuni kwa Mama Tufe, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, ulionekana ukanda mtupu wa sakafu. Aliusimamia akiutazama muda mrefu. Halafu akaenda kununua dawa nyekundu.

"Bi Nangoma atalala hapa," alisema. Watoto walichukuliwa na jirani wa kulia, Sikudhani na Madebe wakachukuliwa na wa kushoto. Siku tatu za ugeni. Baada ya hapo, vumbi. Sikudhani hakumwomba mtu yeyote afanye lolote, na hakuna aliyeahidi.

Siku ya kuhamia, Mwenye Upana alishuka na matarumbeta. Aliingizwa kwa ubavu. Alijaribu kukishusha kitanda kikamgomea, akaivuta ndoo ikabaki juu, akavuta mtoto wa meza wa kidato cha chini akapata unga wa viatu vyote viwili. Hakuna kitu ndani mle kilichomjua. Sehemu pekee iliyomtosha kulala ilikuwa ule ukanda mwekundu, na hapo akajilaza, mikono kifuani, macho darini, uso wake ukiwa na furaha ya mtoto anayengoja peremende.

"Hapo pa mgeni," alisema Bi Nangoma akiwa kwenye mlango wa mkabala. Hakuna aliyemjali, kwa kuwa alikuwa amesema hivyo kila siku ya maisha yake.

Karani alipiga magoti, akamzungushia chaki, akaandika.

"Umeandika nini?" aliuliza Waziri.

"Mlalo mmoja."

"Andika mia nne!"

"Nimezungusha chaki, Bwana Waziri. Imekutana."

Wakamgeukia jirani wa kulia, mzee wa kuuza mkaa. Alivua kofia, akaivaa, akaivua. "Naona aibu," alisema. "Nimwite mkubwa 'jirani'? Adabu yangu iko wapi?" Wa kushoto, msusi, alisema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba yeye hawezi kumtangulia wa kulia, si desturi. Wakamgeukia Mama Tufe.

Mama Tufe aliweka mikono kiunoni. "Naangalia kwanza," alisema. "Mtu haangalii?"

Jua lilikuwa kizingitini.

Waziri alichomoa upanga. "Iteni!" alinguruma. "Iteni wote, sasa hivi!"

"Usiwalazimishe, mpumbavu wewe!" ilitoka sauti sakafuni. "Itakuwa kikohozi!"

Upanga ukarudi alani. Jua likavuka sakafu. Nzi mmoja, pengine yuleyule, alikuja akatua kwenye pua ya Mwenye Upana, akaikagua, akaita wenzake. Bwana Fyonzo alikuwa anafikiri, na kufikiri kwake kulionekana kwenye masikio, yaliyokuwa yakisogea: aliyelala katika nyumba mpya ameiacha ya zamani. Alitazama kilimani. Akamwuliza mwuza mkaa kwa sauti ya chini kama ana mkeka wa kuazima, akaukunja, akautia kwapani, akasema anakwenda kuhakikisha kasri limefungwa vizuri. Hakuonekana tena siku hiyo. Ila upepo ulipogeuka, waliosikiliza vizuri walisema walisikia kutoka huko juu mtu aliyelala sebuleni akingoja, na bata mzinga.

Jua likapanda kidato cha unga, cha nguo, cha madaftari. Matarumbeta yalikaa chini. Mwuza mkaa alirudi kwenye mkaa, msusi kwenye kichwa alichokuwa amekiacha nusu.

"Amekula yule?" aliuliza Bi Nangoma.

"Bado, mama," alijibu Sikudhani.

"Hakuna mgeni atakayelala na njaa kwenye sakafu niliyoisugua mimi. Mpelekeeni uji."

Sikudhani alikwenda mwenyewe. Aliingia nyumbani mwake kama mtu anayeingia kwa jirani, akaliweka bakuli karibu na sikio la Mwenye Upana, nje kidogo ya mstari wa chaki, moshi wake ukipanda taratibu kuelekea dari aliyoichonga. "Karibu, mgeni," alisema.

Tandavu aliugeuzia uji jicho moja. Tumbo lake, ambalo halijawahi kuambiwa subiri, lilisema kitu kirefu.

"Nikiinua kichwa tu," aliiuliza dari, "ni kuinuka?"

Karani alifungua kitabu cha babu. Alikwenda ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, akarudi, akalamba kidole, akaanza upya. Babu alikuwa ameandika juu ya chaki, juu ya vitisho na juu ya kikohozi. Juu ya uji hakuandika.

Watu wote wa Mtaa wa Mbavu walimtazama Mama Tufe, naye alijua kwamba anatazamwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumwonea mtu yeyote wivu. Alifungua kinywa. Mwenye Upana alishusha pumzi, macho yakang'aa. Kinywa kikafunguka zaidi, zaidi tena, mpaka mwayo ukatoka, mrefu, wenye machozi pembeni. Kisha Mama Tufe akaketi kizingitini kwake juu ya kigoda cha kabati, akanyoosha miguu mpaka katikati ya barabara.

"Mgeni ana siku zake," alisema. "Ya tatu tutamtafutia jembe."

Na pale sakafuni, karibu na mstari wa chaki, uji ukaanza kufanya utando.